Mchoro unasema 8d, duka linauza kwa inchi: kuchagua msumari wa ukuta wa plaiwudi

Mchoro umeandikwa "8d @ 6/12". Kijana aliyetumwa dukani, jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, anamwonyesha muuzaji picha yake kwenye simu. Muuzaji anaitazama, anamrudishia simu na kumuuliza swali analomuuliza kila mteja: "Inchi ngapi, kilo ngapi?" Kijana anapiga simu saiti. Fundi anasema chukua inchi tatu, ndiyo inayoshika. Mhandisi wa saiti anasema inchi mbili na nusu. Aliyechora yuko Dar es Salaam, naye anasema hakuchagua yeye, ilichagua programu.

Mabishano ya namna hii huzuka kwenye majengo mepesi: ofisi za saiti kule Mtumba, vibanda vya walinzi, vyumba vinavyoongezwa juu ya nyumba iliyokwisha jengwa, madarasa ya muda. Kila mmoja kati ya hao ana chembe ya ukweli, lakini swali lenyewe bado halijajibiwa. Programu ya usanifu haijui msumari ulioko dukani. Inachojua ni mstari mmoja ndani ya jedwali, na kwenye mstari huo kuna vitu vinne vinavyokwenda pamoja: kipenyo cha msumari, urefu wake, kichwa chake na nafasi kati ya msumari na msumari. Kati ya hivyo vinne, kinachofika dukani kwa kawaida ni kimoja tu, urefu, na ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote.

Tuanze na ukuta wenyewe. Jengo hubeba mizigo ya aina mbili. Upo unaoshuka: bati, kenchi, dari, watu. Upo pia unaosukuma kutoka pembeni: upepo, na siku nyingine tetemeko. Fremu ya mbao za kusimama na za kulala hubeba ule wa kwanza bila taabu, lakini ule wa pili huilaza upande. Seremala yeyote analijua hili. Fremu ya mlango haitoki karakana bila ubao wa mshazari uliopigiliwa kwenye kona, la sivyo inafika kwa mteja imekwenda upogo. Plaiwudi ikipigiliwa kwenye fremu kuzunguka kingo zake zote hufanya kazi ya ule mshazari, tena vizuri zaidi. Ukuta uliotengenezwa kwa makusudi hayo nitauita ukuta mkinzani.

Bodi yake inaweza kuwa plaiwudi, yaani tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa kwa kupishana, au OSB, ile bodi ya vipande vipana vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi. Huku kwetu plaiwudi ndiyo tunayoiona zaidi, na viwanda vya Mafinga haviko mbali. MDF ya kutengenezea makabati haimo humu kabisa. Jipsamu inaweza kuhesabiwa kidogo, ila ni dhaifu na si ya kuitegemea kwa mzigo wa aina hii.

Na mzigo wa pembeni tunao. Upepo wa kiangazi wa Dodoma hauhitaji utangulizi. Kuhusu tetemeko, tuko kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, na wakazi wa Bahi na Manyoni hawashangai ardhi ikitikisika kidogo. Kwa hiyo anayefungua programu na kujaza sehemu ya upepo peke yake, akaiacha ya tetemeko tupu, amekwisha fanya uamuzi wa msumari bila kujua. Nitaonyesha kwa tarakimu baada ya kidogo.

Nguvu inakaa wapi

Wengi hudhani ukuta huu unabebwa na unene wa plaiwudi. Bodi ya milimita 12 ikisukumwa kwa kufuata bapa lake ina ugumu wa kutosha na kubaki. Kinachotangulia kushindwa ni msumari na sehemu ndogo ya bodi inayouzunguka. Ukuta ukisukumwa, fremu inataka kulala, bodi inakataa, na ugomvi wote unahamia kwenye misumari ya kingoni. Kila msumari unapinda kidogo na kuiponda mbao kidogo. Upepo ukitulia, unarudi kwa sehemu.

Fikiria vifungo vya shati kwa mtu aliyenenepa. Shati halishikwi na kifungo kimoja kikubwa. Linashikwa na safu nzima, na kila kifungo kinabeba fungu lake. Ukiongeza vifungo, fungu la kila kimoja linapungua. Ukibandika vifungo vya koti zito kwenye shati jepesi, vifungo vitabaki salama na kitambaa ndicho kitakachochanika. Ukuta mkinzani una tabia hiyohiyo: msumari uwe wa kutosha kubeba fungu lake, lakini uwe tayari kupinda kabla plaiwudi haijachanika au mbao haijapasuka. Msumari unaopinda unatoa onyo na kumeza nguvu ya mtikisiko. Mbao iliyopasuka haitoi onyo lolote.

Ndiyo maana ile "6/12" ina tarakimu mbili. Ya kwanza ni nafasi ya misumari kwenye kingo za bodi: kila inchi 6, sawa na milimita 150. Ya pili ni nafasi kwenye mbao za katikati ya bodi: kila inchi 12, milimita 300. Misumari ya kingoni ndiyo inayobeba. Ya katikati kazi yake kubwa ni kuzuia bodi isibinuke. Fundi anayebana misumari katikati kwa sababu panaonekana patupu, kisha akaiachanisha kingoni, ameugeuza ukuta juu chini, hata kama hesabu ya kilo imetimia. Na kingo ni zote nne. Bodi zikiungana kwa kulala, nyuma ya mwungano pawe na kipande cha mbao cha kupigilia. Usipokiweka, kingo hizo mbili zinaning'inia na jedwali ulilotumia halihusiki tena na ukuta wako.

Hiyo 8d ni nini

Ni jina la saizi katika mfumo wa Marekani. Halina uhusiano na d ya kipenyo inayoonekana kwenye kanuni za Ulaya, na hapo ndipo vijana waliosoma Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya majengo ya mbao, hupotea, kwa sababu kule 8d ingekuwa umbali wa vipenyo vinane. Kwa msumari wa kawaida wa Marekani, 6d ni urefu wa inchi 2 na shina la milimita 2.87. 8d ni inchi 2 na nusu kwa shina la milimita 3.33. 10d ni inchi 3 kwa shina la milimita 3.76.

Lakini kuna 8d nyingine. Wamarekani wana familia ya pili ya misumari, ile ya masanduku, ambayo 8d yake ina urefu uleule wa inchi 2 na nusu na shina la milimita 2.87 tu. Kuna na ya tatu, fupi kidogo, inayopendwa na mafundi wa fremu kwa sababu haipasui mbao haraka. Misumari ya mashine ya kupigilia nayo huuzwa kwa jina la 8d huku kipenyo kikitofautiana kutoka pakiti hadi pakiti. Programu nzuri zinakuuliza familia ya msumari kabla ya saizi. Usipojibu, zinakuwekea chaguo la awali, mara nyingi ule wa kawaida, ambao ndio mnene. Hapo karatasi ya majibu inakuwa na nguvu ambayo saiti haina.

Sasa rudi dukani. Misumari yetu inauzwa kwa inchi za urefu na kwa kilo. Ukimwuliza muuzaji kipenyo, hana jibu, na si kosa lake, hakuna anayemwuliza. Kiwanda kimoja kinaweza kuvuta waya wa inchi mbili na nusu kuwa mwembamba kuliko kingine, na kwa jicho huoni. Chukua kipimo cha venia, kile cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita, pima misumari kumi kutoka kwenye mfuko utakaonunua, upime katikati ya shina, mbali na mikwaruzo iliyo chini ya kichwa. Dakika tano zinatosha. Pima na kichwa pia: 8d ya kawaida ya Marekani ina kichwa cha takriban milimita 7, na kichwa kidogo kinazama kwenye plaiwudi na kuiachia.

Tuseme umepata milimita 2.9 badala ya 3.33. Inaonekana tofauti ndogo, chini ya nusu milimita. Lakini katika kanuni ya Eurocode 5, uwezo wa msumari kupinda hukua kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha 2.6. Ukikokotoa, msumari wa 2.9 una takriban asilimia 70 ya uwezo wa kupinda wa ule wa 3.33, chuma kikiwa cha aina moja. Ukiunganisha na upondekaji wa mbao, uwezo wa kiungo kizima unashuka kwa karibu moja ya tano. Urefu ni uleule, bei kwa kilo ni ileile, jina kwenye mfuko ni lilelile.

Programu inafanyaje kazi

Kwa maneno mepesi, inagawa na kutafuta. Chukua ukuta wenye upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.44, yaani plaiwudi mbili za futi 4 kwa 8 zilizosimama bega kwa bega. Juu yake kuna msukumo wa pembeni wa kilonyutoni 10, kiasi cha uzito wa tani moja uliogeuzwa kulala. Gawa 10 kwa 2.44, unapata kilonyutoni 4.1 kwa kila mita ya ukuta. Hilo ndilo hitaji.

Kisha programu inafungua jedwali. Kwa jedwali la kanuni za Marekani za mbao kwa upepo na tetemeko, plaiwudi ya inchi 15/32, ambayo ni kama milimita 12 yetu, ikipigiliwa kwa 8d ya kawaida kila milimita 150, inaruhusiwa kubeba kilonyutoni 5.3 kwa mita dhidi ya upepo. Inatosha kwa 4.1. Dhidi ya tetemeko, ukuta uleule kwa misumari ileile unaruhusiwa 3.8 tu. Haitoshi. Programu inashuka mstari unaofuata, 8d kila milimita 100, inakuta 5.5 kwa tetemeko, inasimama hapo na kukuandikia "8d @ 4/12". Kanuni zinadai tahadhari kubwa zaidi kwa tetemeko, kwa hiyo msukumo uleule wa 4.1 una majibu mawili. Huyo aliyeacha sehemu ya tetemeko tupu ameokoa misumari kama 24 kwa kila bodi na hajui kwamba ameiokoa.

Kinachofuata ndicho ninachokisisitiza kwa kila anayeniuliza. Programu nyingi hukuruhusu kuacha sehemu ya msumari wazi ili zitafute zenyewe. Usiziache huru kabisa. Zikiwa huru zitakupa ukuta wa mashariki 8d kila milimita 150, wa magharibi 10d kila milimita 150, wa kati 8d kila milimita 75, na kila jibu ni sahihi peke yake. Saiti kuna ndoo moja ya misumari na mafundi watatu. Funga aina moja ya msumari kwa jengo zima, ule uliokwisha kuupima kwa venia, uache nafasi ndiyo ibadilike. Ukiangalia jedwali utaona kwamba hupotezi kitu. Kwa plaiwudi hiyohiyo, ukitoka 8d kwenda 10d kwa nafasi ileile ya milimita 150, uwezo unapanda kwa asilimia 19. Ukibaki na 8d na kubana nafasi kutoka 150 hadi 100, unapanda kwa asilimia 46. Na nafasi ni kitu ambacho mkaguzi anaweza kukipima kwa futi ya mkononi baada ya kazi kwisha. Kipenyo kilichokwisha kuzama ndani ya mbao hakikaguliki.

Kubana nako kuna mwisho wake. Ukifika milimita 50, kanuni za Marekani zinadai mbao ya kusimama iliyo kwenye mwungano wa bodi iwe nene zaidi, ya inchi 3, na misumari ipigiliwe kwa kupishana, isipangwe kwenye mstari mmoja. Sababu utaiona ukikaribia mwungano wenyewe. Bodi mbili zinakutana juu ya mbao moja ya mbili kwa nne. Ipime: mbao ya "inchi 2" inayotoka kwenye msumeno mara nyingi ni milimita 45, labda 48. Kila bodi inapata kama milimita 22 za kukalia. Msumari unatakiwa uwe mbali na ukingo wa bodi angalau milimita 10. Kwa hiyo upande mmoja una milimita 10 za plaiwudi, upande wa pili una kama 12 kabla msumari haujachungulia nje ya mbao. Hapo ndipo fundi anatakiwa apige kila sentimita 5, pande zote mbili, kwenye paini kavu. Inapasuka. Afadhali kuongeza upana wa ukuta, au kuweka bodi pande zote mbili za fremu, kuliko kung'ang'ania ukuta mmoja mfupi uliojaa chuma. Tena ukuta mwembamba, ambao kimo chake kinazidi upana mara mbili, unakatwa uwezo na kanuni hizohizo.

Urefu, ugumu na skrubu

Sasa fundi wetu wa inchi tatu. Hoja yake ni kwamba msumari mrefu unashika zaidi. Kwa kung'oa, ndiyo: ukivuta bodi itoke kwenye fremu, msumari uliozama zaidi unakataa zaidi. Lakini ukuta mkinzani unasukumwa kwa kufuata bapa, na kwa mzigo huo kinachotakiwa ni msumari uzame ndani ya mbao kiasi cha kutosha kujishikiza. Kwa 8d kiasi hicho ni inchi 1 na tatu ya nane, milimita 35. Plaiwudi ina milimita 12. Jumla 47. Msumari wa inchi mbili na nusu una 63, umepita mbali. Hata wa inchi 2, milimita 51, ungetosha kwa urefu kama ungekuwa na kipenyo cha 3.33. Kwa kawaida hauna, na ndiyo sababu ya kuukataa. Ule wa inchi tatu unaongeza kipenyo kidogo pamoja na urefu, kwa hiyo fundi hajakosea kwamba ni imara zaidi. Kosa ni kuutumia mahali ambapo mbao itapasuka, kisha mpasuko ukafunikwa na rangi.

Msumari wa zege nao una mashabiki. Ni mgumu, unang'aa, hauinami chini ya nyundo. Huko kutoinama ndiyo kasoro yake hapa. Ukuta ukitikiswa huku na huku, chuma kigumu kisichokubali kupinda hukatika ghafla, na jedwali la programu limejengwa juu ya msumari unaopinda. Skrubu nyeusi za jipsamu zina ugonjwa huohuo, tena ni nyembamba. Zipo skrubu za kimuundo zilizopimwa kwa kazi hii, na zina majedwali yake. Ukikosa jedwali la skrubu uliyonayo mkononi, usichukue la msumari ukalitumia. Msumari wa bati wenye kofia pana una kichwa kizuri, ila umetengenezwa kushika bati lisipeperuke, na sehemu nyingi shina lake limesokotwa. Nao si ule uliomo kwenye jedwali.

Mbao ya Mafinga, jua la Dodoma

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba nusu ya uwezo wa msumari iko ndani ya mbao. Majedwali ya Marekani yameandikwa kwa mbao nzito kiasi. Ukitumia nyepesi zaidi, uwezo unapunguzwa: kwa mbao yenye uzito mahususi, yaani uzito ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule, wa 0.42 badala ya 0.50, unabaki na asilimia 92. Programu inakuuliza jamii ya mbao, na orodha yake imejaa miti ya Marekani na Kanada. Paini ya Sao Hill haimo. Wengi huchagua jina la kwanza linalofanana na paini na kuendelea. Afadhali ukate kipande cha mbili kwa nne chenye urefu wa sentimita 30, ukikaushe, upime vipimo vyake halisi, ukipeleke kwenye mizani ya dukani. Kipande cha milimita 50 kwa 100 kwa 300 chenye gramu 660 kina kilo 440 kwa mita ya ujazo, sawa na uzito mahususi wa 0.44. Kipande kimoja hakitoshi kuithibitisha shehena, lakini kinatosha kukuzuia usichague jamii ya miti yenye uzito wa 0.55 kwa sababu jina lake lilikuvutia.

Halafu kuna maji. Mbao zinazopakuliwa Dodoma kutoka nyanda za juu mara nyingi bado ni mbichi. Utajua ukipigilia: msumari unaingia kama kwenye ndizi na maji yanachuruzika pembeni ya shina. Baada ya miezi michache ya jua letu mbao imekauka, imesinyaa, na tundu la msumari limelegea. Kanuni za Marekani zinalihesabu hili wazi: kiungo kilichopigiliwa kwenye mbao yenye unyevu unaozidi asilimia 19, kisha ikakaukia humohumo, kinahesabiwa kuwa na asilimia 70 tu ya uwezo wake wa pembeni kwa misumari ya saizi hizi. Programu zinazojali huwa na kisanduku cha unyevu wakati wa ujenzi, na chaguo la awali huwa "kavu". Nikiambiwa nichague kisanduku kimoja cha kukikagua kwenye kazi ya mtu mwingine hapa kanda ya kati, nitakikagua hicho. Ukuta wetu wa mfano, uliohesabiwa kubeba 5.3 kwa upepo, ukipigiliwa kwenye mbao mbichi unashuka hadi 3.7, chini ya hitaji la 4.1. Dawa ni kuzipanga mbao kwa vijiti vya kutenganisha, kivulini, upepo upite, kabla ya kuzikata. Mbao za dawa nazo zinahitaji kukauka, maana dawa huingizwa na maji, na misumari yake iwe ya kuchovywa zinki kwa sababu dawa nyingi zenye shaba hula chuma kitupu.

Nyundo ya mwisho nayo ina hesabu. Kichwa cha msumari kinatakiwa kilale sawa na uso wa plaiwudi. Fundi mwenye mkono mzito, au mashine yenye presha iliyozidi, anakizamisha milimita 3, na tabaka la juu la plaiwudi limekatika. Kichwa sasa kimeshikwa na milimita 9 badala ya 12. Msumari uleule, nafasi ileile, lakini ukuta unafanya kazi kama wa bodi nyembamba. Ukipita saiti, pitisha kidole juu ya mstari wa misumari. Vishimo utavisikia kabla ya kuviona.

Programu ikishasema ukuta "umefaulu", mara nyingi imesema hivyo kwa bodi na misumari tu. Ukuta ule wa kilonyutoni 10, wenye kimo sawa na upana, unainua kona yake ya chini kwa nguvu ya karibu kilonyutoni 10 pia, kabla hujatoa uzito wa paa, ambao kwa bati jepesi ni mdogo. Misumari ya plaiwudi haiwezi kuirudisha kona hiyo kwenye msingi. Panatakiwa chuma cha kushikilia kona na bolti iliyozama kwenye zege, na hiyo kwa kawaida ina ukurasa wake kwenye ripoti, ule ambao hauchapishwi.

Yote haya yanaingia kwenye mstari mmoja wa mchoro, kama aliyechora ataacha kunakili jibu la programu jinsi lilivyo. Kwa ukuta wetu, baada ya tetemeko kuhesabiwa, mstari ungesomeka hivi: "Plaiwudi ya kimuundo mm 12, msumari laini wa kawaida, shina lisipungue mm 3.3, urefu mm 63, kichwa mm 7. Kingoni kila mm 100, katikati kila mm 300. Mm 10 kutoka ukingo wa bodi. Mbao iwe kavu." Waingereza walifanya hivyo zamani: kiwango chao cha fremu za mbao, BS 5268, kilichoondolewa mwaka 2010, kiliutaja msumari kwa kipenyo cha milimita 3.00 na urefu wa 50, na seremala alijua aulizie nini.

Na kama duka lina 2.9 peke yake, kijana apige simu, picha ya venia iende kwa mhandisi, naye airudishe namba hiyo kwenye programu. Asibadilishe jina la 8d kuwa jingine lililo karibu. Aandike kipenyo chenyewe, kama programu inaruhusu, au akokotoe msumari mmoja kwa mkono. Kwa upungufu wa moja ya tano tuliouona, nafasi ya milimita 100 ingekuwa 80, na mafundi, ambao futi zao zina inchi upande mmoja, wangeambiwa inchi 3.